Jina la Nyapara

Ukizaliwa Pwani ya Kenya katika jamii ambayo serikali inaitilia shaka, hakuna haja ya mtu kukufundisha kusimulia maisha yako. Ofisi ya vitambulisho itakufundisha.

Kijana mwingine akifika miaka 18 hubeba cheti chake cha kuzaliwa na nakala za vitambulisho vya wazazi, akachukuliwa alama za vidole, akapewa karatasi ya kusubiri, yamekwisha. Wewe ulikuwa ukielekezwa kwenye meza ya msasa, ya kuchunguza kama kweli wewe ni Mkenya. Pale walikaa chifu, wazee wawili watatu, afisa wa usajili, na mara nyingi bwana mmoja asiyejitambulisha ambaye kila mtu alijua ni wa usalama. Babu yako mzaa baba aliitwa nani? Alizikwa wapi? Mama yako alitokea kwa nani? Mbona neno hilo unalitamka hivyo? Wanubi wa Kibera wameipitia meza hiyo, Wasomali wa Kaskazini Mashariki wameipitia, Waswahili wa Mombasa wenye majina ya Kiarabu wameipitia. Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza, akiwa Wajir, kwamba msasa huo wa ziada umefutwa. Walioulizwa maswali yale wakiwa vijana sasa wana wajukuu.

Kwa hiyo anapokuja mtu kutoka Nairobi na kipaza sauti, akatuambia kwamba silaha ya mnyonge ni kusimulia kisa chake, wazee wa huku humwangalia tu. Wamesimulia mpaka mate yakawakauka. Mezani pale ulisimulia ili mwingine apate pa kukukatalia: ukisahau jina la babu, wewe mgeni, ukilikumbuka haraka mno, umekariri.

Nayasema haya kama mtu ninayeamini masimulizi. Mimi ni mzaliwa wa upande wa Msambweni, kaunti ya Kwale, na kwa muda sasa nimekuwa mmoja wa watu wachache wanaozunguka na daftari na kinasa sauti, kwa kujitolea, kuandika maisha ya majirani zetu waliokuwa hawana kipande, yaani kitambulisho, cha nchi yoyote. Wengi wao ni Wamakonde. Ninachotaka kueleza hapa ni kitu gani hasa kilichofanya simulizi zao zifue dafu, kwa sababu naona jambo hilo husimuliwa vibaya. Husemwa kwamba walilia, taifa likasikia, rais akawahurumia. Huruma ilikuwepo, sikatai. Lakini huruma ilikuwepo miaka hamsini, na haikumpa mtu hata karatasi.

Wamakonde asili yao ni kusini: kaskazini mwa Msumbiji na kusini-mashariki mwa Tanzania, pande mbili za mto Ruvuma. Waliofika Kenya wengi walianza kuja miaka ya 1930, wakati mashamba ya Waingereza yalipotafuta mikono ya kukata katani na miwa. Hapa kwetu walifanya kazi Ramisi, penye kiwanda cha sukari. Wengine walitawanyika mashamba ya mkonge ya Taita na Kilifi. Wakaja wengine baadaye wakikimbia Wareno, hasa baada ya mauaji ya Mueda ya Juni 1960 na vita vya ukombozi vilivyoanza 1964. Mkoloni wa Kiingereza hakuwa na shida nao. Alipohitaji jasho aliwaandika vizuri sana: jina, kambi, siku walizofanya kazi. Bendera ilipobadilishwa tarehe 12 Desemba 1963, hakuna aliyekwenda makambini kuwauliza sasa wao ni wa wapi. Walidhani ni wa pale walipokuwa. Kiwanda cha Ramisi kikaja kufungwa mwishoni mwa miaka ya 1980, na watu wale wakabaki hawana kazi wala nchi.

Shuleni nilikaa dawati moja na Mmakonde. Alikuwa akinishinda hesabu kila muhula, na mwandiko wake ulikuwa mzuri hata mwalimu akimtumia kuandika ubaoni. Baada ya darasa la nane sisi wengine tukaendelea, yeye akaingia kuchonga vinyago. Wazazi hawana kipande, mtoto hana cheti cha kuzaliwa. Bila cheti, msaada wa karo huombi. Alipokuwa mtu mzima laini yake ya simu ilisajiliwa kwa jina la jirani, na pesa zake za vinyago zilipitia humo. Walipokosana na jirani, laini ikafungwa na pesa ndani. Nenda polisi ukaseme nini? Utaulizwa kipande mlangoni.

Hayo ndiyo maisha yenyewe, na yamesimuliwa mara nyingi. Yalikuwa yakitutoa machozi, kisha tunaendelea na shughuli zetu.

Sasa tazama sheria. Katiba ya 2010 ilifungua mlango, na Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 ikaweka kifungu cha watu wasio na uraia wa nchi yoyote. Kinasema mtu wa namna hiyo, ikiwa ameishi Kenya mfululizo tangu tarehe 12 Desemba 1963, anaweza kuomba kusajiliwa kuwa raia, mradi awe na mambo mengine machache, mojawapo kujua Kiswahili au lugha ya mahali. (Sharti hilo la Kiswahili huwachekesha Wapemba wa Shimoni na Vanga, ambao nao walikuwa hawana kipande. Afisa wa kuwapima lugha alikuwa akitoka bara, na wao ndio waliokuwa wakimsahihisha.) Watoto na wajukuu wa watu hao wakapewa kifungu chao. Muda wa kuomba ulikuwa miaka mitano.

Soma tena tarehe ile. Mtu athibitishe kwamba alikuwa Kenya mwaka 1963 na hajaondoka, na huyo ni mtu ambaye tangu 1963 hajapewa karatasi hata moja yenye jina lake. Kadi za kazi za shambani zimeliwa na mchwa, na kiwanda chenyewe kimebomoka. Kilichobaki ni kichwa cha mzee. Hapo ndipo simulizi inaacha kuwa pambo la kampeni na kuwa waraka. Hakuna waraka mwingine.

Siku moja wageni walikuja na kamera, tukakaa nao chini ya mkorosho kwa mzee mmoja ambaye wakati huo alikuwa amepita miaka sabini. Kijana mwenye kamera alikuwa mpole, amejiandaa vizuri. Akamuuliza, "Babu, ulijisikiaje miaka yote hiyo bila nchi?" Mzee akafikiri. Kisha akaanza kueleza zamu za kukata miwa. Alieleza kengele ya alfajiri iligongwa na nani, foleni ya posho ilianzia wapi, na kwamba nyapara wao alikuwa Mdigo mrefu mwenye kikohozi, akamtaja jina na jina la baba yake. Kijana akamrudisha tena kwenye majonzi: hakuumia? Mzee akasema, "Mwanangu, kuumia kila mtu huumia. Wewe andika nyapara."

Nyuma yetu kulikuwa na bibi mmoja akitwanga, hata hakuwa amealikwa kwenye mazungumzo. Akasimamisha mchi. "Huyo alikuja baada ya mafuriko. Kabla yake alikuwa yule wa meno ya dhahabu." Mzee akabisha. Bibi akashikilia. Ikabidi aitwe mtu wa tatu kutoka nyumba ya pili, naye akasema bibi ana haki, kwa sababu yeye alizaliwa mwaka wa mafuriko na mama yake alikuwa akimwambia kwamba yule wa meno ya dhahabu ndiye aliyempa mama ruhusa ya kujifungua.

Sasa, mafuriko ya 1961 yanajulikana Kenya nzima. Yameandikwa. Kumbukumbu za mvua zipo, za barabara zilizokatika zipo. Mtu anayesema alikuwa kambini chini ya nyapara fulani kabla ya mafuriko, na mwingine wa kambi nyingine akamtaja nyapara yule yule bila kuambizana, na Mdigo mzaliwa wa hapo ambaye hana cha kupata akasema ndiyo, namkumbuka huyo mzee akiwa kijana: hao watatu wameshaweka mguu mmoja ng'ambo ya pili ya Desemba 1963. Wakili akiandika hati za kiapo hapo, anaandika kitu kinachosimama.

Kamera ya yule kijana ilikuwa imezimwa muda mrefu. Alikuwa akihifadhi betri.

Ndiyo maana siafiki mafunzo mengi ya usimulizi ambayo mashirika huyaleta. Yanamfundisha mtu kuanza na kidonda, apande hadi kilele, amalizie na matumaini, yote kwa dakika tatu. Kisa cha namna hiyo kinamfaa msikilizaji, kinamlainisha. Msimuliaji hakimfai sana, kwa sababu kinafuta vitu ambavyo vingemsaidia mezani: jina la kambi, idadi ya watoto waliozikwa na mahali walipozikwa, ugomvi wa nani alikuja lini. Na kinamtenga na wenzake. Bibi wa mchi hana nafasi katika kisa cha dakika tatu. Lakini ni kubishana kwao ndiko kulikowatoa katika orodha ya watu wa kuhurumiwa.

Muda wa miaka mitano uliisha Agosti 2016. Wamakonde walikuwa wameandika barua, wamepokea kamati, wamehesabiwa, wamehojiwa. Kimya. Oktoba mwaka huo watu kama 300 wakatoka Kwale kuelekea Nairobi, safari ya karibu kilomita 500, wakisaidiwa na mashirika kama Haki Centre na Kenya Human Rights Commission. Wazee walikuwemo, na akina mama wenye watoto mgongoni. Polisi walijaribu kuwazuia njiani. Hawakurudi. Tarehe 13 Oktoba walipokewa Ikulu, na Rais Uhuru Kenyatta akaagiza wapewe vitambulisho kabla ya mwisho wa mwaka. Mwanzoni mwa 2017 zaidi ya watu elfu moja walikuwa wamesajiliwa, na Wamakonde wakatajwa rasmi kuwa kabila la 43 la Kenya.

Mimi sikutembea nao, nilifuatia redioni kama wengi. Lakini nilitambua nilichokuwa nikisikia. Waandishi waliwafuata, na kila aliyeulizwa alijibu kama yule mzee wa chini ya mkorosho: mwaka, shamba, jina. Miaka ya kusimuliana wenyewe kwa wenyewe ilikuwa imewapa kauli moja bila mtu kuwaandikia. Ofisi zilikuwa na taarifa hizo hizo ndani ya mafaili. Barabarani zilikuwa na miguu, na kila gari lililopita liliziona.

Baada yao milango ikafunguka kwa wengine. Tarehe 12 Desemba 2020, sikukuu ya Jamhuri, rais akatangaza kuwatambua Washona 1,670, ambao wazee wao walikuja kutoka Zimbabwe ya leo kuhubiri injili na wakabaki Kiambu wakijulikana kwa useremala na kusuka vikapu. Siku hiyo hiyo wakatajwa pia watu wenye asili ya Rwanda. Mwaka 2023 ikawa zamu ya Wapemba wa Kwale, Kilifi na Mombasa, wavuvi ambao kwa miaka mingi hawakuweza kukata leseni ya uvuvi kwa majina yao wenyewe, wakawa mabaharia katika vyombo vya watu wengine.

Nafurahi kwa kila mmoja wao. Hata hivyo kuna kitu hakinikalii sawa. Ibara ya 12 ya Katiba inasema kila raia ana haki ya kupata pasipoti na hati za usajili. Ikulu si ofisi ya usajili. Tumezoea sasa kwamba haki inatolewa kama zawadi ya sikukuu, kabila moja kwa wakati, mbele ya kamera, na ngoma ichezwe. Jamii yenye ngoma nzuri na vinyago vinavyojulikana dunia nzima ina la kuonyesha. Je, mtu ambaye baba yake alikuwa Mrundi wa mashamba ya chai na mama hajulikani, ambaye hana wenzake 300 wa kutembea nao? Je, aliyevuka mpaka mwaka 1965, miaka miwili baada ya tarehe ya sheria, akazaa watoto na wajukuu hapa hapa? Simulizi ya "tulikuja kabla ya uhuru, tukafanya kazi, hatuna pengine" ilishinda kwa sababu iliifuata sheria ilivyokatwa. Asiyeingia humo alisukumwa nje kidogo zaidi, maana sasa kuna mfano wa "wageni wazuri" wa kumlinganisha naye. Nimesikia Mmakonde mwenye kipande akimwambia jirani asiye nacho, "Ninyi wenyewe hamkujipanga." Iliniuma, lakini sikushangaa.

Wanubi walichukua njia nyingine, ndefu na isiyopendeza kwenye picha. Wao ni kizazi cha askari wa Kisudani walioletwa na Waingereza zaidi ya miaka mia moja iliyopita, wakapewa Kibera. Mwaka 2011 kamati ya Afrika ya haki za watoto ilitoa uamuzi kwamba Kenya inawakosea watoto wa Kinubi kwa kuwaacha bila uraia wa uhakika; ulikuwa uamuzi wa kwanza kabisa wa kamati hiyo. Serikali haikukimbia kuutekeleza. Basi kuanzia 2013 wakawapo wasaidizi wa kisheria Kibera, vijana wa mtaa, wanaomsindikiza mtu ofisini na kuandika kilichotokea: alifika lini, akaambiwa alete nini, akarudi lini, akaambiwa nini tena. Kisa cha mmoja hakina mvuto, ni tarehe na majibu ya karani. Viweke mamia pamoja na utaona nani anangojeshwa na nani hangojeshwi. Karani anaweza kumwambia mtu mmoja kwamba amesahau karatasi. Hawezi kuliambia faili zima. Januari 2020, kesi ya Huduma Namba, mpango wa serikali wa kusajili watu wote kidijitali, ilipoamuliwa katika Mahakama Kuu, shirika lao la Nubian Rights Forum lilikuwa miongoni mwa walalamishi, na korti ikaagiza mpango ule usiendelee bila sheria madhubuti ya kulinda taarifa za watu.

Napenda njia hii kuliko maandamano, nikisema kweli, ingawa najua isingewafikisha Wamakonde Ikulu. Inamstahi msimuliaji. Hamlazimishi kila mara kufungua kidonda mbele ya mgeni.

Na jambo hilo la kidonda watu wa daftari hatuliongei vya kutosha. Katika vijiji vya Kwale kuna wazee waliohojiwa na watafiti, mashirika, wanafunzi na runinga mpaka wakajua swali kabla halijaulizwa. Bibi mmoja alikuwa na kauli yake: "Huyu naye anataka ile ya mtoto aliyefariki, au ile ya polisi?" Aliyerekodi ameondoka na sauti, bibi amebaki na soda. Sisi tumejiwekea desturi. Maandishi tunayarudisha na kuyasoma kwa sauti mbele ya mwenyewe na yeyote anayemtaka awepo, afute anachotaka, nakala ibaki nyumbani kwake. Akisema jambo fulani lisitoke nje ya ukoo, halitoki, hata kama ndilo tamu kuliko yote. Kuna visa ninavyovijua ambavyo vingewatoa watu machozi kutoka Lunga Lunga hadi Lodwar, na sitaviandika.

Mwenzangu wa dawati alipata kipande mwaka 2017. Alinionyesha, nikakishika, picha yake imemkaa kama mtu aliyekamatwa; tukacheka. Laini ya simu akasajili siku hiyo hiyo. Kurudi shule alisema hapana, mikono yake imeshazoea mpingo, na anataka kuuza mwenyewe bila kupitia kwa mtu. Anauza.

Kazi iliyobaki ina haraka, nayo ni hesabu rahisi. Aliyekuwa na miaka 18 usiku wa uhuru alizaliwa 1945. Amepita themanini. Mashahidi wa kabla ya 1963, wa jamii zozote zilizobaki nje, wanazikwa kila msimu, na hati ya kiapo ya mtu aliyefariki kabla ya kuweka dole gumba haina kazi, hata ingeandikwa kwa ufasaha namna gani. Zamani tulikuwa tukiandika kwanza, halafu tunatafuta wakili baadaye, pesa zikipatikana. Siku hizi hatuendi bila wakili mwenye muhuri. Tunachangishana mafuta ya gari, anakaa nasi mkekani tangu asubuhi, mzee anasimulia, majirani wanabisha na kusahihisha, wakili anaandika na kusoma kwa sauti, dole linawekwa hapo hapo, na nakala tatu zinagongwa muhuri kabla hatujala chakula cha mchana.